Mama, Uchungu

Kwetu Takaungu shubiri haikupandwa na mtu. Iliota yenyewe nyuma ya jiko, juu ya mwamba ambao hata mchicha uliukataa, na hakuna aliyeitia maji. Kuku wakianza kusinzia kwa kideri, Mama alikata jani, akalipasua, akalitumbukiza kwenye maji yao. Mtu akiungua na mafuta ya moto alipakwa ute wake. Mtoto wa minyoo alibanwa pua akanyweshwa. Mzee aliyefunga choo alipewa kipande cha utomvu mkavu, kidogo kama punje ya choroko, na kesho yake hakuonekana msikitini. Nasema haya mapema ili nisidhaniwe kuwa naichukia shubiri. Nimekua nayo. Hata leo nikiungua, mkono wangu huitafuta kabla akili haijafika.

Mwaka ule nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu na shahada ya elimu ya mimea, nangoja kupangiwa kazi. Kungoja huko kulinifanya niwe mtu wa kuhesabu kila kitu kichwani. Nikisikia redio ikitaja serikali, niliwaza kwamba nafasi zimefutwa. Nikiota ndoto nzuri, niliamka na hofu kwamba bahati yangu imetumika usingizini. Jirani yetu, mwanamke aliyezoea kuja kukunia nazi yake uani kwetu kwa sababu mbuzi yetu ilikuwa kali kuliko yake, alinibandika jina la daktari wa majani. "Daktari wa majani," huniita, "huu mchicha una maradhi gani?" Nami, badala ya kucheka, nilikuwa nikiuangalia ule mchicha kweli.

Dada yangu aliletwa nyumbani mimba yake ilipoingia mwezi wa saba. Alikuwa ameolewa Malindi. Mimba mbili za kwanza hazikufika, na hii ya tatu Mama aliomba dada aletwe, ailee yeye mwenyewe. Mavyaa wake, mama wa mumewe, alimleta. Alikaa kwetu muda wa kumaliza kikombe cha kahawa, akaishika tende moja bila kuila, akasema, "Nakuachia amana yangu." Alikuwa amevaa leso mpya, na Mama, ambaye hakujua kusoma herufi za kizungu, aliningoja mpaka mgeni ameondoka ndipo aniulize ile leso imeandikwa nini. Ilisema: Subira yangu ina mwisho.

"Ni maneno ya leso tu," nikamwambia.

"Leso haijiandiki," Mama akasema.

Tulijua wote. Kulikuwa na binti wa upande wa mume, mtoto wa ami yake, ambaye jina lake lilianza kutajwa kila ilipotajwa arusi. Shemeji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye mama yake akisema jambo mara ya pili, humwona ana haki. Dada alijua kwamba mtoto huyu akifika, ataishi katika nyumba ya mumewe kama mwenye nyumba. Nini kitakuwa asipofika, hilo hakulisema. Alikuwa akikaa barazani amejishika tumbo kwa mikono miwili, kama mtu abebaye maji katika chombo kisicho na kifuniko.

Homa ikaja. Ilianza kwa mtetemeko wa baridi mchana wa jua kali, meno yakagongana, akafunikwa mashuka yote ya nyumba. Kwenye zahanati alipewa klorokwini. Alimeza kidonge cha kwanza, na baada ya muda mwili ukaanza kumwasha kana kwamba kamwagiwa upupu. Wengi kwetu huwashwa na vidonge vile, lakini yeye alijikuna mapaja na mgongo mpaka damu ikatoka. Asubuhi alikataa vilivyobaki. "Nikijikuna hivi nje," alisema, "mtoto huko ndani anajikunaje?" Mimi nilijua kwamba hoja ile haina msingi, na bado nililala nikiiwaza.

Mama hakubishana naye. Alichukua kisu akaenda nyuma ya jiko.

Nilimfuata. Nilikuwa nimesoma kuhusu shubiri, si sana. Nilijua kwamba jani lina vitu viwili: ute mweupe wa katikati, ambao ni mpole, na utomvu wa njano unaokaa chini tu ya ganda, ambao ndio mchungu na ndio wenye nguvu. Ule wa njano husokota matumbo. Mwalimu wetu alisema kwamba tumbo likisokotwa hivyo na mji wa mimba huweza kushtuka, na kwamba mwenye mimba asiuguse. Lakini vitabu vilizungumzia shubiri za nchi nyingine. Juu ya hii yetu ya mwambani palikuwa na mistari miwili, mirefu kwa majina na mifupi kwa habari. Basi nilisimama nyuma ya Mama nikiwa na nusu ya jambo, na nusu ya jambo ni kitu kizito sana kukibeba.

"Mama, hiyo asinywe. Ana mimba."

"Naijua mimba yake. Nimeiona kabla yako."

"Vitabu vinasema inaweza kuitoa."

Jirani alikuwa uani juu ya mbuzi yetu. Hakuinua kichwa. "Muulize hicho kitabu," akasema, "kimezaa wangapi?"

"Mimi nilikunywa hii na wewe umo tumboni," Mama akaniambia.

"Ndiyo maana akatoka hivi," jirani akasema, "hana raha, kila kitu kwake kichungu." Wakacheka, hata mimi nikacheka, kwa sababu kicheko kilikuwa kifupi kuliko maelezo.

Kisha Mama aliacha kucheka. Alishika jani mkononi, utomvu ukimdondokea kidoleni, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli: "Kiasi gani, mwanangu? Kiasi gani ndicho kibaya? Kijiko? Nusu? Niambie nikifuate."

Nilisema, "Hata kidogo." Aliona kwamba nimelitunga pale pale.

Tukakubaliana hivi: atamenya ganda lote, aukoshe ule ute kwa maji mpaka rangi ya njano imekwisha, kisha ampe ute peke yake. Alifanya hivyo mbele yangu, kwa subira, akibadilisha maji mara kwa mara na kuyamwaga kwenye mchanga. Ule ute ulibaki katika bakuli ukiwa mweupe kama barafu iliyoanza kuyeyuka. Dada akaunywa, akakunja uso akingoja, kisha uso ukakunjuka.

"Si chungu," akasema.

"Si chungu?" Mama akachukua bakuli akaonja yale masalia. Akanitazama kama mtu aliyeuziwa maziwa ya maji. "Basi hii si dawa. Huu ni uji wa daktari wa majani."

Sijui kama niliwahi kuelewa kabla ya siku ile kwamba kwa Mama uchungu wenyewe ndio uliokuwa ukiponya. Mimi nilidhani ni ladha inayoandamana na dawa. Kwake dawa ilikuwa ndio ule uchungu, na ukiuondoa hubaki na jani. Homa huogopa uchungu, alisema, kama vile mtu mwenye tabia mbaya anavyoogopa nyumba ya watu wanaosema kweli. Nilikuwa nimeikosha dawa ya mgonjwa ikaenda na maji.

Homa ikapanda. Siku iliyofuata dada aliweweseka, akimwita mumewe kwa jina la utani ambalo hatukuwahi kulisikia, na Mama akatoka chumbani kwa haya. Nikasema nitakwenda hospitali ya Kilifi kuomba dawa nyingine, isiyowasha. Nilivuka na feri, nikakaa kwenye benchi refu pamoja na wenye vichanga, na nilipofikiwa nikaambiwa jambo ambalo ningelijua mwenyewe kama ningekuwa nafikiri badala ya kuhofu: dawa haitolewi kwa maneno, mlete mgonjwa. Nilirudi nikipanga njiani namna ya kumshawishi Baba atafute gari. Nilipanga hata majibu ya maswali ambayo Baba hakuwa na desturi ya kuuliza.

Nilipofika, dada alikuwa ameketi kitandani. Jasho lilikuwa limelowanisha nguo yake, macho yalikuwa yake tena, na alikuwa anakunywa uji wa mtama. Dirishani palikuwa na bakuli, na ndani ya bakuli jani limesimamishwa mshazari, na chini yake utomvu wa njano unaogeuka kuwa wa hudhurungi.

Mama aliniona nikilitazama lile bakuli. "Kabla hujasema," akaniambia, "mshike paji la uso."

Nikamshika. Lilikuwa baridi.

Ningeweza kusema kwamba homa ya aina ile hupanda na kushuka yenyewe. Ningeweza kusema kwamba labda ni kidonge kile kimoja kilichofanya kazi kwa kuchelewa. Nilikuwa nayo yote kichwani, yamejipanga. Lakini mkono wangu ulikuwa juu ya paji la dada yangu, nalo lilikuwa baridi, na nilifurahi. Nilisema tu kwamba kesho hata hivyo tumpeleke hospitali. Dada akasema, "Nipelekwe na ugonjwa gani?" Jirani akapiga kigelegele kifupi cha mzaha, akasema sasa daktari wa majani arudishe shahada.

Asubuhi Mama alimpa tena, kidogo, ili homa isirudi. Nilisikia dada akikohoa na kutema. Kisha akaita kutoka chumbani:

"Mama, uchungu!"

"Ndiyo dawa hiyo!" Mama akajibu kutoka jikoni. "Ramba asali!"

Nilimpelekea asali kijikoni. Akairamba, akatabasamu, meno yake yana rangi ya njano. Nikatoka. Jua lilipopanda kidogo akaita tena, "Mama, bado uchungu," na Mama akamwambia asukutue kwa maji ya ndimu. Jirani, ambaye alikuwa amekwisha kaa juu ya mbuzi yetu, akasema kwa sauti ili dada asikie: "Mwali, umezidi kudeka! Uchungu wa ulimi huo, utauweza wapi ule wenyewe?" Tukacheka sote. Dada naye alicheka huko ndani, nilimsikia.

Ilinijia baadaye, na tangu hapo haijaniondoka, kwamba sijui ni saa gani lile neno liligeuka kinywani mwake. Mara ya kwanza alikuwa anasema juu ya ulimi, hilo nina hakika nalo, nilimwona akitema. Mara ya pili labda alikuwa anasema juu ya tumbo, na hakuwa na hakika, kwa sababu shubiri husokota, na mtu aliyekunywa shubiri hashangai kusokotwa. Mara ya tatu alisema neno moja tu, "Uchungu," bila Mama, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemjulisha mwenzake mgeni aliyeingia. Lugha yetu ina maneno ya kila aina ya samaki na kila aina ya nazi, tangu kidaka mpaka dafu mpaka nazi kavu, lakini kwa mambo haya mawili imetupa neno moja. Tulikuwa uani, watu watatu waliokua na lugha hiyo, wawili kati yao wamezaa, na sote tukalisikia lile tulilokuwa tukilitarajia.

Ni jirani aliyeacha kukuna. Alibaki na kifuu mkononi. "Hebu," akasema, na uso wake ukabadilika. "Huyu anaita kwa mpigo. Anaita, ananyamaza, anaita."

Mama akasimama.

Tulipoingia alikuwa amepiga magoti sakafuni, paji la uso limeegemea ubao wa kitanda, na shuka lina maji.

Pikapu iliyotuchukua ilikuwa ya muuza nazi. Tuliondoa magunia, tukatandika godoro. Njia ya vumbi katikati ya makonge haijawahi kuwa ndefu vile, na Mama alikuwa akimwambia dada asisukume, asisukume, avute pumzi, huku yeye mwenyewe hapumui. Pale kivukoni palikuwa na foleni ya malori na mabasi ya watalii waendao Malindi, na feri ilikuwa ng'ambo. Tulingoja. Watalii walitutazama kupitia vioo. Feri ilipofika, mmoja wa vijana wa kamba akaja mbio kwenye pikapu, akachungulia, akauliza, "Mgonjwa ana nini, mama?"

"Uchungu," Mama akasema.

Nikamwona akilisikia neno lake mwenyewe. Alifunga mdomo kwa leso mpaka ng'ambo. Yule kijana alipiga makelele malori yarudi nyuma, watu wakatupisha, wakatuombea dua kwa sauti. Sijapata kuona wema mwingi vile mahali pamoja, na haukusaidia kitu.

Mtoto alikuwa wa kiume. Mimi nilikuwa nje ya mlango. Alipotoka muuguzi alisema kwamba ameshuka amekwisha fariki, hakulia. Dada alisema alilia. Alisema hivyo akiwa bado amelala pale, akasema tena alipoingia Baba, na hakuwa anasema kwa machozi, alikuwa anasema kama shahidi. Kwetu jambo hilo lina uzito wake: mtoto aliyelia huswaliwa kama mtu yeyote aliyekuja duniani akaondoka. Baba alitoka akaniuliza mimi niliyekuwa mlangoni kama nilisikia. Nilikuwa nimesikia matoroli, nilikuwa nimesikia maji ya bomba, nilikuwa nimesikia watoto wengi wa watu wengine. "Sikusikia vizuri," nikasema. Baba alitafakari kidogo, akasema, "Mama yake amesikia. Inatosha." Mtoto akaswaliwa, akapewa jina, akazikwa Takaungu kabla ya alasiri.

Kabla hatujaondoka hospitalini, daktari alituuliza amekunywa nini. Mama akasema, "Shubiri kidogo," kwa sauti ya kutosikika, na akarudia alipoombwa. Daktari hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Alisema shubiri ya namna ile mwenye mimba hafai kupewa kabisa. Alisema pia kwamba malaria peke yake, yenye joto lile, huangusha mimba kila mvua zikija, na kwamba mgonjwa asiyemaliza dawa hatari yake ni kubwa. Nikamuuliza kati ya mbili ni ipi. Aliniangalia kwa huruma. "Hilo hakuna atakayekwambia," akasema.

Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba swali lisilojibika ni swali ambalo sijalifikiri vya kutosha. Basi nililifikiri. Nilihesabu saa za homa na saa za shubiri. Nilijiuliza kama homa iliposhuka ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake kimya kimya. Nilijiuliza kwa nini, ikiwa Mama alikunywa akiwa na mimba yangu, mimi nipo, na kama kuwapo kwangu ni ushahidi au ni bahati. Kila nilipofika mwisho wa fikra nilimkuta mtu amesimama pale. Ikiwa ni shubiri, aliyesimama ni Mama. Ikiwa ni homa, ni dada mwenyewe, na vile vidonge alivyokataa kwa ajili ya mtoto.

Mavyaa alikuja na jamaa zake kuhani msiba. Alilia kweli, sitamsingizia. Alipofuta machozi aliuliza, taratibu, "Kwani alipewa nini kunywa?" na chumba kizima kikatazama mkeka. Shemeji alikaa na Baba nje. Walipoondoka alisema dada abaki kwanza apumzike, atakuja kumchukua. Hakusema lini, na hakuna aliyemuuliza. Mikoba ya dada iliyobaki Malindi ililetwa na dereva wa teksi, imefungwa vizuri sana.

Maziwa yalimjia. Mama alimfunga kifua kwa leso, akaibana, na dada aliinua mikono akimwacha afanye, akitazama ukuta. Siku hiyo, Mama alipotoka, dada aliniita nikae kitandani.

"Wewe umesoma," akasema. "Ni ile shubiri, au ni mimi?"

Hakusema homa. Alisema mimi. Alikuwa amefika peke yake pale nilipofika mimi, bila kitabu. Nikaona kwamba jibu lolote nitakalotoa litamtoa mtu mmoja shimoni na kumtumbukiza mwingine, na kwamba wote wawili wanalala chini ya paa moja, ukuta kwa ukuta. Nilitaka kusema ni Mungu, kama walivyosema wengine wote, lakini asingeniita mimi ili aambiwe hilo.

"Sijui," nikasema. "Wallahi, dada, sijui. Hakuna anayejua."

Alitikisa kichwa polepole, akageukia ukutani. Nadhani nilikuwa mtu wa mwisho ambaye dada alimtegemea kwa jambo hilo.

Hakuna neno baya lililosemwa baina yake na Mama. Walisalimiana. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, mwanangu, umeamkaje?" Lakini dada aliacha kunywa chochote kilichotoka mkononi mwa Mama. Hakutangaza. Alikula wali, alikula samaki, ila chai iliyotengwa mbele yake ilipoa hapo hapo ikafanya utando, na kiu ikimshika alikwenda mwenyewe mtungini akachota maji, akayatazama, akanywa. Mama alidhani ni huzuni. Akaongeza sukari. Akaongeza iliki. Siku moja alimwona akipita na kikombe kile kile, kimejaa, kwenda kukimwaga nyuma ya jiko, kisha akarudi mtungini kunywa maji, na hapo alielewa.

Tangu siku hiyo Mama akimletea chai husimama kwanza mlangoni, mahali ambapo dada anaweza kumwona, akanywa funda moja, na jingine. Hungoja kidogo. Kisha hufuta ukingo wa kikombe kwa ncha ya leso yake, akakiweka chini karibu na kitanda, akaondoka. Mimi nikiwamo chumbani huangalia kikombe, halafu humwangalia dada. Naye hukiangalia mpaka mvuke umekwisha.